Orodha Hii Inasomwa na Nani?

Somo la kulinda habari za familia katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi



Mara nyingi tunapozungumza juu ya amani tunataja silaha, ardhi na mipaka. Somo hili linahusu karatasi yenye majina, na kompyuta inayoihifadhi. Kila familia iliyokimbia vita imeandikwa mahali fulani. Imeandikwa na shirika, na parokia, na mkuu wa mtaa, na kamati ya wakimbizi wa ndani. Limeandikwa jina, idadi ya watoto, namba ya simu, kijiji walikotoka na nyumba wanamolala. Habari hizo ndizo zinazoleta unga na blanketi. Habari hizo hizo, zikimfikia mtu asiyefaa, zinaweza kuleta balaa.

LENGO LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili viongozi na familia wataweza:
- kueleza kwa nini habari za familia zinahitaji ulinzi;
- kueleza njia mbili za kuruhusu au kuzuia mtu asisome habari;
- kuchora jedwali la nani anaruhusiwa kufanya nini;
- kuanza mabadiliko madogo wiki hii, bila kununua kitu.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: karatasi kubwa moja, kalamu za rangi mbili, na orodha ya mfano yenye majina ya kubuni. Tafadhali usitumie orodha ya kweli kwa kufundishia.

1. YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja. Tuliitumia watu sita: mimi, mwenzangu wa mradi, mhasibu, vijana wawili wa kujitolea, na mlinzi ambaye usiku alikuwa anajifunza kuandika kwa mashine. Neno la siri lilikuwa moja, limebandikwa pembeni ya kioo. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na ukirudi kila mtu alitaka kufungua haraka.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na orodha ya familia zilizopokelewa na ndugu zao katika mtaa wetu na mitaa ya jirani. Niliitengeneza mimi, na nilijivunia safu zake: jina la mkuu wa familia, simu, kijiji cha asili, kabila, idadi ya watoto, nyumba ya mwenyeji. Safu ya kabila hakuna mfadhili aliyeiomba. Niliiweka kwa sababu fomu ya zamani ilikuwa nayo.

Siku ya ugawaji, wino wa mashine ya kuchapisha uliisha. Kijana mmoja alichukua faili kwenye flashi, akaenda duka la fotokopi. Mwenye duka akainakili kwenye kompyuta yake ili aichapishe, kama anavyofanya kwa kila mteja. Kijana akarudi na karatasi zote. Hakuna aliyekosa kwa makusudi.

Wiki mbili baadaye mama mmoja alikuja ofisini asubuhi na mapema. Alikuwa amepigiwa simu na mtu ambaye alimkimbia kule kijijini.

"Alinitajia nyumba ninamolala," alisema. "Baba, namba hii niliwapa ninyi tu."

Sikuwa na jibu. Tulijaribu kufuata habari ilipitia wapi, tukashindwa. Sote sita tulikuwa tunaingia kwa jina moja na neno la siri moja, kwa hiyo kompyuta haikuweza kutueleza nani alifungua nini, wala siku gani. Tulianza kutazamana vibaya. Mlinzi alishukiwa kwa sababu ni maskini, kijana kwa sababu alikwenda dukani, na mimi kwa sababu niliitengeneza orodha. Usiku ule familia ya yule mama ilihama kwa mara ya tatu. Kwenye ugawaji uliofuata hawakuonekana.

Somo hili limetoka katika kosa hilo.

2. KWA NINI MSTARI MMOJA UNA UZITO

Habari huandikwa kwa sababu moja, kisha hutumika kwa sababu nyingine. Tuangalie mifano mitatu ya kanda yetu.

Rwanda. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa vitambulisho vilivyoandika kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Baada ya uhuru kabila liliendelea kuandikwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo mmoja ulitosha kumfanya mtu auawe. Walioamua kuuandika zaidi ya miaka 50 kabla hawakuwepo, lakini mstari ulikuwepo.

Katanga. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, mkoa huu ulipokuwa ukiitwa Shaba. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi walikaa muda mrefu kwenye vituo vya treni wakisubiri safari. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa. Swali "asili yako wapi?" liligeuka kuwa hukumu. Nani kati yetu anaweza kusema kwa hakika kwamba swali hilo halitarudi? Basi tufikiri mara mbili kabla ya kuliweka kwenye safu ya kompyuta.

Kenya. Katika kaunti ya Garissa, wakati wa ukame na njaa, raia wa Kenya wengi wao wa asili ya Kisomali walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na huduma. Wengine waliandikwa na wazazi wakiwa watoto. Walipokua na kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zilionekana katika orodha ya wakimbizi, na maombi yao yalikataliwa. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka mingi. Hapo hakuna aliyeiba habari. Orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ilitumika kuamua uraia, na mwenye jina hakuwa na njia rahisi ya kuisahihisha.

Kwa hiyo tunapolinda habari tunauliza mambo matatu. Je, mtu asiyefaa anaweza kuisoma? Je, mtu asiyefaa anaweza kuibadilisha? Na je, mwenye haki anaweza kuzuiwa asiitumie? Orodha iliyofungwa vizuri mno hata siku ya ugawaji haifunguki nayo haijalindwa.

3. TATIZO HILI LINA UMRI KULIKO WENGI WETU

Zamani kompyuta moja ilijaza chumba na ilitumiwa na mtu mmoja kwa wakati. Mwaka 1961, katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Watu wengi waliweza kutumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja na faili zake. Papo hapo likazuka swali: nitazuiaje jirani yangu asifungue faili zangu? Walianza kutumia maneno ya siri.

Haikuchukua muda kabla ya kizuizi kuvunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa udaktari, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine kuliko aliopewa. Aliomba faili ya maneno ya siri ichapishwe kwenye karatasi, na mashine ikamchapishia. Alikiri mwenyewe miaka mingi baadaye.

Miaka michache baada ya hapo likatokea jambo lisilo na mwizi kabisa. Wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa anahariri tangazo la siku, mwingine anahariri faili ya maneno ya siri. Programu yao iliweka kazi za wote wawili mahali pamoja, kwa jina moja la muda. Faili zikabadilishana. Kila mtu aliyeingia siku ile alisomewa maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo.

Wapendwa viongozi, je, habari hizi hazifanani na karatasi yetu iliyobandikwa kwenye kioo? Wataalamu wakubwa duniani walianguka katika shimo lile lile. Tusione aibu kujifunza.

4. MLINZI MWENYE ORODHA, NA MTU MWENYE JETONI

Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala kuhusu namna ya kulinda habari katika kompyuta zinazotumiwa na wengi. Walieleza kwamba kuna njia mbili kubwa za kumruhusu mtu. Sisi tunazijua zote mbili kutoka kwenye uwanja wa ugawaji.

Njia ya kwanza: mlinzi mwenye orodha. Mlinzi amesimama mlangoni na orodha ya wanaoruhusiwa. Kila anayefika anaulizwa jina na kuonyesha kitambulisho, kwa mfano kadi ya mpiga kura. Jina likiwemo, anaingia. Faida yake ni kwamba ukitaka kumzuia mtu, unafuta jina lake na kesho haingii. Tena unaweza kujua wakati wowote nani wote wanaruhusiwa. Ugumu wake ni kwamba foleni inakwenda polepole, na orodha yenyewe ni siri ambayo nayo inahitaji mlinzi.

Njia ya pili: jetoni. Mtu anapewa jetoni, na yeyote aliyeishika anapokea. Hakuna kutafuta jina. Foleni inakwenda haraka, na mzee mgonjwa anaweza kumtuma mjukuu wake. Lakini jetoni inaweza kuuzwa, kuibwa au kutengenezwa ya bandia. Ukishaitoa, huijui tena iko mfukoni mwa nani. Kuinyang'anya ni vigumu mpaka ubadilishe rangi ya jetoni zote.

Kompyuta na simu zetu zinatumia njia zote mbili. Ukiingia kwa jina lako na neno lako la siri, kisha kompyuta ikaangalia kama jina lako limeruhusiwa kufungua faili, huyo ni mlinzi mwenye orodha. Ukitumiwa anwani ya intaneti ambayo "yeyote mwenye anwani hii anaweza kufungua", hiyo ni jetoni. Neno la siri moja linalotumiwa na watu sita nalo limegeuka jetoni: linapita mkono kwa mkono, na halimjui aliyelishika.

Hapa ndipo penye kosa la ofisi yetu. Tulidhani tuna mlinzi mlangoni. Tulikuwa na jetoni moja tu, tena tumeitundika ukutani.

Kuna jambo la tatu la kukumbuka. Mtu akisharuhusiwa kusoma, anaweza kunakili. Anaweza kupiga picha ya kioo kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na kila simu ya kundi lile itabaki na nakala yake. Ukifuta yako, zao zinabaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo hakuna kufuli linalochukua nafasi ya kuchagua watu waaminifu, na kuwapa kile tu wanachohitaji.

5. KANUNI SITA, KWA MANENO YETU

Makala ile ya 1975 ilitaja kanuni nane za ulinzi. Tumechagua sita zinazofaa kwa kamati na ofisi ndogo.

Kwanza, jibu la kawaida liwe "hapana". Mtu asiruhusiwe mpaka kuwe na sababu ya kumruhusu. Usianze kwa kufungua yote na kufunga kidogo kidogo, kwa sababu utakachosahau kitabaki wazi. Simu nyingi za leo zinafuata kanuni hii. Programu mpya ikitaka kusoma majina uliyohifadhi, inapaswa kukuomba ruhusa. Programu ya tochi ikiomba majina yako, jiulize: tochi inataka nini kwa shangazi yangu?

Pili, kila mtu apewe kile tu ambacho kazi yake inadai. Anayepima unga anahitaji namba ya jetoni na ukubwa wa familia. Hahitaji kijiji cha asili. Mhasibu anahitaji jumla. Hahitaji majina ya watoto.

Tatu, kufuli mbili kwa jambo zito. Vikundi vyetu vya kuweka akiba vinaijua kanuni hii: sanduku lina kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Fanya hivyo kwa orodha kamili. Mtu mmoja awe na neno la siri la kompyuta, mwingine awe na neno la siri la faili. Hakuna anayefungua peke yake.

Nne, kila ombi likaguliwe, kila mara. Kijana aliyeruhusiwa mwezi uliopita huenda sasa anafanya kazi kwingine. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku ile ile, hata kama tumeagana kwa upendo.

Tano, usitegemee kuficha. Wengine huficha safu ndani ya jedwali la kompyuta na kudhani imelindwa. Mtu anayejua kidogo anaifungua kwa kubonyeza mara mbili. Kuita faili "Mapishi" ili isijulikane nako si ulinzi. Kufuli nzuri ni ile ambayo hata mwizi akijua imetengenezwaje, bila ufunguo hafungui.

Sita, ulinzi uwe mwepesi kwa mtumiaji. Ukiweka maneno ya siri marefu mno na kuyabadilisha kila wiki, watu watayabandika kwenye kioo. Sisi tulifanya hivyo. Kanuni ikiwachosha watu, wataizunguka, na lawama itakuwa ya aliyeiweka.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba hata wakubwa wanaumia. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika kompyuta zenye habari za zaidi ya watu 515,000. Wengi wao walikuwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji au majanga. Wavamizi walipitia tundu katika programu ambayo ilikuwa haijazibwa kwa wakati. Kwa hiyo kompyuta ikikuambia kuna marekebisho mapya ya programu, usiahirishe kila siku.

6. ZOEZI: JEDWALI LA RUHUSA

Mwaka 1971 mtaalamu Butler Lampson alieleza ruhusa kama jedwali. Watu wanaandikwa upande mmoja, vitu upande mwingine, na katika kila chumba unaandika mtu yule anaweza kufanya nini kwa kitu kile. Hamhitaji kompyuta kwa zoezi hili.

Chukueni karatasi kubwa. Kushoto, andikeni watu: afisa wa mradi, mhasibu, mgawaji, mwenyekiti wa kamati, mkuu wa mtaa, mfadhili, mwenye duka la fotokopi. Juu, andikeni habari: majina, simu, nyumba wanamolala, kijiji cha asili, namba ya jetoni, ukubwa wa familia, jumla ya ugawaji. Katika kila chumba andikeni neno moja: SOMA, ANDIKA au HAPANA.

Anzeni kwa kujaza HAPANA kila mahali kwa kalamu ya rangi ya kwanza. Kisha, kwa rangi ya pili, badilisheni chumba kimoja kimoja. Kila mara mtu mmoja asimame aeleze sababu. Akishindwa kueleza, HAPANA inabaki.

Tulipofanya zoezi hili ofisini tuligundua mambo mawili. Safu ya kabila haikupata hata mtu mmoja mwenye sababu, tukaifuta. Na mwenye duka la fotokopi, ambaye hatukuwahi kumfikiria, alikuwa amepewa SOMA ya kila kitu.

Kompyuta nyingi zinaweza kufuata jedwali lenu. Mfumo wa UNIX, ulioanza mwaka 1969, ulipanga ruhusa kwa njia rahisi ambayo warithi wake wanaitumia hata leo. Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na kuna watu wengine wote. Kwa kila mmoja wa hao watatu unaamua kama anaweza kusoma, kuandika au kuendesha faili. Kompyuta za ofisi nazo zinaruhusu kufungua akaunti mbalimbali, kila mtu na jina lake na folda zake.

7. VIPI KUHUSU UWAZI?

Kila mara tunapofundisha somo hili, kiongozi mmoja huinua mkono. Anasema: "Mkificha orodha, mtaweka majina hewa. Tundikeni majina ukutani kila mtu aone." Hoja yake ni ya haki kabisa. Familia nyingi zimewahi kuona jina la ndugu wa kiongozi likipokea, na mjane akirudi mikono mitupu. Shaka ya namna hiyo huleta ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji, na hata kati ya wakimbizi wenyewe. Tukilinda siri kwa njia inayozaa wizi, tumeharibu amani tuliyotaka kuijenga.

Lakini ukuta unasomwa na kila apitaye. Unasomwa na mjane, na unasomwa pia na yule anayemtafuta.

Sisi tulifika katika mapatano haya na kamati. Ukutani tunatundika namba za jetoni, ukubwa wa familia na kiasi kilichotolewa, bila majina wala nyumba. Kila familia inajua namba yake na inaweza kukagua. Jumla iliyotundikwa lazima ilingane na jumla ya ghala. Majina kamili yanakaguliwa na watu watatu: mmoja wa wakimbizi, mmoja wa wenyeji na mmoja wa ofisi, wakikaa pamoja chumba kimoja bila simu. Anayelalamika anakuja na jetoni yake, na mstari wake yeye peke yake unafunguliwa mbele yake.

Mapatano haya yanahitaji subira. Mwanzoni baadhi ya watu walisema tunaficha. Walipoona jumla zinalingana, maneno yalipungua. Uwazi wa hesabu na siri ya mtu vinaweza kukaa nyumba moja.

8. MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

- Kila mtumiaji awe na akaunti yake. Hata kama kompyuta ni moja, majina ya kuingilia yawe mengi.
- Ondoeni maneno ya siri kwenye kuta na vioo. Chagueni sentensi fupi mnayoikumbuka, lakini msitumie methali inayojulikana na wote.
- Gawanyeni orodha katika faili mbili. Moja iwe na namba ya jetoni na ukubwa wa familia, kwa kazi ya kila siku. Nyingine iwe na majina, simu na nyumba, ifungwe kwa neno la siri, na ifunguliwe mara chache.
- Futeni safu ambazo hazina kazi. Habari isiyoandikwa haiwezi kuibwa.
- Msipeleke orodha kamili duka la fotokopi. Ikilazimu, pelekeni faili ya namba tu. Kumbukeni pia kwamba faili iliyofutwa kwenye flashi mara nyingi inaweza kurudishwa na mtaalamu.
- Msipige picha za orodha, wala kuzituma kwenye makundi ya simu.
- Wekeni nakala moja ya akiba mahali pengine penye kufuli, kwa ajili ya moto, mvua au wizi.
- Andikeni katika daftari nani alifungua orodha kamili, siku gani, kwa kazi gani.
- Karatasi za zamani zichomwe mbele ya mashahidi wawili. Zisifungiwe karanga sokoni.

9. HAKI YA FAMILIA

Ndugu uliyehama, kuomba msaada hakukuondolei heshima. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 31, inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Tangu Machi 2023 nchi yetu ina pia sheria ya mambo ya kidijitali, na ndani yake kuna kanuni za kulinda habari za watu. Mtu akija kukuandika, unaweza kumwuliza kwa upole:

- Kwa nini unahitaji habari hii?
- Nani ataisoma zaidi yako?
- Mtaitunza kwa muda gani?
- Nikiona kosa, nimwone nani arekebishe?
- Nikikataa kujibu swali moja, je, nitakosa chakula?

Swali la mwisho ni zito. Mwezi wa Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu wakimbizi wa Rohingya walioko Bangladesh. Lilisema habari zao zilizokusanywa wakati wa kuandikishwa zilifika kwa serikali ya Myanmar, nchi waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelewa kuwa wamekubali hivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilijibu kwamba watu waliulizwa na kueleweshwa. Wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja: ridhaa lazima iombwe. Mwenye njaa aliyesimama mbele ya meza ya msaada husema "ndiyo" kwa kila kitu. Kwa hiyo sisi tunaoandika tuna wajibu wa kueleza kwa lugha anayoielewa, na kutenganisha swali la chakula na swali la kupeleka habari zake kwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kamati yetu, orodha kamili iko wapi leo? Kuna nakala ngapi? Nani anazo?
2. Habari gani tunaandika kwa mazoea tu?
3. Kati ya mlinzi mwenye orodha na jetoni, tunatumia ipi? Inatufaa?
4. Mtu aliyeacha kazi mwaka jana, je, bado anaweza kufungua kompyuta yetu?
5. Je, imewahi kutokea mtu kupata madhara kwa sababu jina lake lilijulikana? Tulimsaidiaje? (Msitaje jina lake.)
6. Tufanye nini ili familia ziweze kukagua ugawaji bila majina kutundikwa?

KWA KUMALIZIA

Ofisi yetu bado ina kompyuta moja, na umeme bado unakatika. Sasa ina akaunti sita. Mlinzi naye ana yake, na anaendelea kujifunza kuandika bila kushukiwa na mtu, kwa sababu folda ya orodha haimfungukii. Hayo yote hayakutugharimu hata faranga moja, ila alasiri mbili za kazi na kuomba msamaha kwa watu tuliowashuku.

Yule mama hatukuweza kumrudishia usiku ule. Tunaweza kuhakikisha kwamba mama anayefuata, akitupa namba yake na kusema "nawapa ninyi tu", neno "tu" litakuwa na maana.

Jaribuni zoezi la jedwali katika kamati yenu, kisha mtuandikie mlichogundua. Tutafurahi kujifunza kutoka kwenu.

Afisa wa uwanjani, Makomeno, Lubumbashi